Fundi wa Njia ya Mpwapwa
Somo juu ya vipawa ambavyo Mungu huwapa watu

1. Kisima cha mchangani

Katika nchi ya Ugogo mvua ni ya majira mamoja tu, tangu Desemba hata Aprili. Ikisha kukoma, mito hukauka, na makorongo huwa mchanga mtupu. Mgeni apitaye huko wakati wa kiangazi aweza kudhani kwamba watu na ng'ombe watakufa kwa kiu. Lakini wenyeji wajua ya kuwa maji yamo, nayo yamefichwa chini ya mchanga. Basi huyatafuta kwa kuchimba.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yuko mzee ajuaye mahali maji yalipo, kwa maana ameona viangazi vingi. Wako vijana wenye nguvu za kushuka shimoni na kuchimba. Wako wengine wa kuupokea mchanga juu na kuutupa mbali. Wako wanawake wenye subira, wanaoteka maji kwa kata, kidogo kidogo, yasichafuke. Na yuko hata mtoto, kazi yake kuwazuia ng'ombe wasikanyage ukingo wa kisima ukaporomoka. Mzee hana nguvu za kuchimba, na kijana hajui mahali pa kuchimba. Kila mmoja akikaa nyumbani na alicho nacho, wote watakufa kwa kiu, kila mtu na kipawa chake.

Tena kisima cha mchangani kina jambo moja la ajabu. Kikitekwa leo, kesho yake maji hukutwa yamejikusanya tena. Kikiachwa, mchanga huporomoka ndani yake, na mwisho hapana mtu awezaye kutambua ya kuwa palikuwa na kisima mahali pale. Vivyo hivyo ndivyo vilivyo vipawa vya mwanadamu.

2. Talanta moja si kitu kidogo

Bwana Yesu alitoa mfano wa tajiri mmoja aliyesafiri, naye kabla ya kuondoka aliwakabidhi watumwa wake mali yake. Mmoja alipewa talanta tano, mmoja mbili, na mmoja moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wawili wa kwanza walifanya biashara, wakapata faida. Yule wa tatu akachimba shimo, akaifukia talanta yake. Habari hii imeandikwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 25.

Wengi wakisoma mfano huu humhurumia mtumwa wa tatu. Husema, "Maskini, alipewa kidogo, angefanya nini?" Lakini wasemao hivyo hawajui talanta ilikuwa kitu gani. Siku zile talanta haikuwa sarafu ya kutiwa mfukoni, bali ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari kama 6,000, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Basi kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja. Hivyo yule wa tatu hakupewa kidogo hata kidogo. Alipewa mali nyingi sana, ila aliitazama mifuko ya wenzake, naye akaiona yake kuwa si kitu.

Tena angalia kosa lake. Hakuiba talanta, wala hakuitumia kwa ulevi. Aliirudisha nzima, haikupungua. Kosa lake ni kwamba haikumfaa mtu yeyote. Mithali yasema, akiba haiozi. Na kwa mtama uliomo ghalani maneno hayo ni ya kweli. Lakini kipawa si mtama. Kipawa kikiwekwa akiba huoza, kwa maana hakikutolewa kwa ajili ya mwenye nacho. Ni amana ya watu wengine iliyotiwa mkononi mwake.

3. Kijana aliyependa mitambo

Mtu mmoja aliyeyafahamu mambo haya alipita katika nchi ya Ugogo zamani, naye jina lake ni Alexander Mackay. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, katika nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mchungaji pia. Lakini kijana alipenda zaidi kutazama kazi za wahunzi na mitambo. Alipokuwa mkubwa alisomea ualimu, kisha ufundi wa mitambo katika mji wa Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora na kuunda mitambo.

Watu wengi wa wakati ule walidhani kwamba mtu akitaka kumtumikia Mungu, sharti aache kazi ya mikono na kushika kazi ya kuhubiri. Mackay hakuona hivyo. Alikumbuka ya kuwa katika Kitabu cha Kutoka yuko mtu mmoja, Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake ili ajue kufanya kazi ya dhahabu, na fedha, na shaba, na kuchonga mawe na miti. Bezaleli hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi, na ufundi wake ulitoka kwa Mungu.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda ataka walimu. Mackay alipopata habari hiyo alijitoa kwa chama cha misioni kiitwacho C.M.S., apelekwe akiwa fundi. Akaondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876. Katika safari ile walichaguliwa watu wanane, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

4. Maili 230

Siku zile hapakuwa na reli wala barabara ya magari toka pwani hata bara. Palikuwa na vijia vya misafara tu, vyembamba, watu wakifuatana mmoja mmoja. Kila kitu kilichukuliwa kichwani au begani na wapagazi. Mwaka ule wa 1876 C.M.S. ilianza kituo Mpwapwa, mlangoni mwa nchi ya Ugogo, kiwe mahali pa kupumzika kwa waendao ziwani. Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani, ikawa lazima arudishwe pwani.

Alipopata nafuu alipewa kazi nyingine, nayo ni kukata njia pana toka Saadani, pwani, hata Mpwapwa, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yaweze kupita. Njia ile ilikuwa kama maili 230, yaani kilometa 370 hivi. Mwaka 1877 akaanza kazi pamoja na vibarua wake, wakiwa na mashoka, na misumeno, na sururu, na majembe. Walikata miti minene, wakafyeka vichaka vya miiba, wakajaza makorongo, wakatengeneza mahali pa kuvukia mito. Mvua iliponyesha walifanya kazi katika matope. Jua lilipowaka walifanya kazi katika vumbi.

Mackay hakukaa kitini chini ya mwavuli na kuwaamuru wengine. Alishika shoka mwenyewe. Kwa hiyo watu wakampa jina, wakamwita "Mzungu wa Kazi". Jina hilo lina maana kubwa. Watu hawakumsifu kwa nguo zake, wala kwa elimu yake, wala kwa maneno yake. Walimtambua kwa kazi waliyoifanya pamoja naye.

Yafaa kukumbuka pia wale wasiotajwa sana katika masimulizi. Mtu mmoja hawezi kukata njia ya maili 230. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wako waliojua njia, waliojua mahali pa maji, waliojua mti upi ni mgumu na upi ni mwepesi. Mwenye elimu ya mitambo aliwahitaji wenye elimu ya pori. Kila mmoja alikuwa na talanta yake, na njia ile ilikuwa kazi ya wote.

5. Kipawa chaweza kupotoshwa

Wenzake Mackay waliotangulia, Smith na Wilson, walifika kwa Kabaka Mutesa katikati ya mwaka 1877. Kabaka aliwapokea kwa heshima, lakini upesi akawauliza kama wajua kutengeneza bunduki na baruti. Aliposikia ya kuwa wamekuja kufundisha, si kuunda silaha, hakufurahi. Swali lile kila mtu mwenye kipawa huulizwa siku moja, ijapokuwa kwa maneno mengine. Mkono ujuao kufua jembe wajua pia kufua mkuki. Mtu ajuaye kuandika aweza kuandika barua ya kumpatanisha mtu na ndugu yake, au barua ya kumsingizia jirani. Kipawa peke yake hakijui njia; mwenye nacho ndiye achaguaye.

Mwezi wa Desemba 1877 Smith aliuawa huko Ukerewe pamoja na mwenzake O'Neill. Mackay aliposikia habari hizo hakurudi nyuma, bali alifuliza safari. Akafika Buganda mwezi wa Novemba 1878, akakaa huko karibu miaka tisa. Alifua vyuma, akafundisha vijana useremala na uhunzi. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, ndiye aliyeombwa kutengeneza jeneza kubwa la shaba, naye akaifanya kazi hiyo kwa bidii ili kumheshimu mfiwa.

Siku moja Mackay alichimba kisima kirefu, kisha akatia mtambo wa kuvuta maji. Watu walipoona maji yanapanda juu kutoka chini sana, wakashangaa mno, wakasema kwamba hakika yeye ni lubaale, yaani mmoja wa miungu yao. Hapo alikuwa na nafasi ya kujitukuza. Lakini aliwakataza, akawaambia ya kuwa yeye ni mwanadamu kama wao, na mtambo ule si uchawi, bali ni ufundi ambao mtu yeyote aweza kufundishwa. Mtu apendaye sifa huficha maarifa yake, ili watu wamwogope. Mtumishi wa kweli huyatoa maarifa yake hadharani, ili asiwe yeye peke yake ajuaye.

Lakini yafaa kusema kweli yote: Mackay hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mwepesi wa kushindana kwa maneno, na mara nyingine yeye na mapadre wa misioni ya Kikatoliki walibishana mbele ya Kabaka, hata wasikilizaji wakafadhaika, wasijue wamfuate nani. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho ya kuwa mtu ajapokuwa na kila karama, kama hana upendo, si kitu. Ufundi wa mikono ni rahisi kujifunza kuliko kuuzuia ulimi.

6. Njia iliyofutika na njia iliyobaki

Je, ile njia ya Mpwapwa ikawaje? Jibu lake ni la kuhuzunisha. Magari ya ng'ombe hayakufaa katika nchi ile, kwa maana mbung'o waliwauma ng'ombe, nao wakafa wengi. Misafara ikaendelea kupita kwa miguu kama kwanza, na pori halikukawia kuirudia njia. Kazi ya jasho jingi ikafunikwa na majani.

Mtu asikiapo hayo aweza kusema ya kwamba Mackay alipoteza nguvu zake bure. Lakini iko njia nyingine aliyoikata, nayo haikufunikwa. Huko Buganda alitengeneza herufi za chapa, akapiga chapa karatasi za kusomea katika lugha ya Kiganda. Vijana wakaja kwa wingi kujifunza kusoma. Na kila ajuaye kusoma karatasi moja akamfundisha mwenzake, na mwenzake akamfundisha mwingine.

Kisha siku za taabu zikaja. Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto kwa ajili ya imani yao. Mwaka uliofuata wakauawa wengi zaidi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Wasomaji wakatawanyika na kujificha. Wakati huo Mackay aliutumia mtambo wake kupiga chapa barua ya kuwafariji. Hakuweza kuwalinda kwa upanga, wala hakuwa na nguvu za kumzuia Kabaka. Alikuwa na herufi, na wino, na karatasi. Basi akatoa alivyokuwa navyo. Mithali yasema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwezi wa Julai 1887 alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko aliendelea kufua vyuma, na kutafsiri, na kupiga chapa, hata alipokufa kwa homa tarehe 8 Februari 1890. Umri wake ulikuwa miaka 40, naye tangu siku alipoondoka kwao mwaka 1876 hakurudi tena.

Lakini wasomaji hawakutoweka. Kazi ya kufundishana iliendelea bila yeye, wakazidi kuongezeka. Na mwaka 1955, katika kanisa kuu la Namirembe huko Kampala, Yohana Omari wa Jimbo la Tanganyika ya Kati, lenye makao yake Dodoma, aliwekwa wakfu, akawa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kufanywa askofu katika kanisa la Anglikana. Zamani Mackay alipita Ugogo akienda Buganda kwa miguu kuwatafuta watu wa kuwafundisha kusoma. Hata kabla ya miaka themanini kutimia, mtu wa nchi hii hii alikwenda huko huko, akarudi akiwa askofu.

Hiki ndicho kipimo cha kipawa. Si kuuliza, "Je, mtu huyu alisifiwa?" wala, "Je, kazi yake imesimama hata leo?" Swali ni hili: "Alipoondoka, aliwaacha watu wakiweza kufanya nini ambacho kwanza hawakukiweza?"

7. Vidole vionavyo

Labda mwanafunzi atasema, "Mackay alikuwa fundi mwenye elimu. Mimi sina kitu." Maneno hayo ni ya mtumwa wa talanta moja. Basi na atazame Buigiri.

Buigiri ni kijiji kilicho mashariki ya Dodoma, katika njia iendayo Morogoro. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua huko shule ya watoto wasioona, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Tanganyika. Kabla ya hapo watu wengi walidhani kwamba mtoto kipofu hana la kufanya ila kukaa mlangoni na kulishwa. Hata wazazi waliompenda hawakumtazamia kazi, kwa maana hawakuona kipawa ndani yake.

Huko shuleni watoto hufundishwa kusoma kwa vidole. Maandishi hayo huitwa nukta nundu, kwa kuwa ni nukta ndogo zilizovimba juu ya karatasi. Aliyeyatunga ni Mfaransa mmoja, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na umri wa miaka mitatu alikuwa akicheza katika karakana ya baba yake, na chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi kikamchoma jicho. Jicho lile likaoza, na la pili likaambukizwa, akawa kipofu kabisa. Alipopata miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuitengeneza njia yake ya kuandika kwa nukta sita. Na nukta hizo huandikwa kwa chombo chenye ncha, jamaa ya kile kilichompofusha. Kwa njia hiyo vipofu wa dunia nzima walifunguliwa vitabu.

Katika Ugogo watu wengi wamepofuka kwa ugonjwa wa vikope, ambao waganga huuita trakoma. Ugonjwa huu huenezwa kwa mikono, na kwa nguo za kupangusia uso, na kwa nzi watuao machoni mwa watoto. Ukimrudia mtu mara nyingi, ukope wa juu hufanya kovu, kisha kope hupinda kuelekea ndani na kukwaruza jicho, hata mwisho nuru ikazimika. Waganga wa macho, kama wale wa hospitali ya misioni ya Mvumi, wamefanya kazi kubwa ya kuwatibu watu. Lakini katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Kongwa ulionyesha jambo ambalo halihitaji mganga. Watoto waliooshwa nyuso zao, zikadumu kuwa safi, hawakupatwa sana na vikope vikali. Tena watu walionyeshwa ya kuwa maji ya kuosha uso wa mtoto si mengi kama wazazi wengi walivyodhani.

Basi mtoto wa darasa la tano au la sita, aliyebeba mdogo wake mgongoni, asiseme hana talanta. Anayo mikono, na maji ya kibuyu kimoja, na maarifa aliyoyapata shuleni. Akimwosha mdogo wake uso kila siku, na kumweleza mama yake kwa adabu sababu ya kufanya hivyo, huenda akayaokoa macho ya mtu kwa maisha yake yote. Mackay aliwafanya watu waweze kusoma. Mtoto huyu amemhifadhia mtu macho ya kusomea. Hapana ajuaye ni yupi kati ya hao wawili aliyefanya kazi kubwa zaidi mbele za Mungu.

8. Mambo ya kushika

Kwanza, yafaa mtu akijue kipawa chake. Dalili zake ni mbili: ni kazi aifanyayo kwa moyo, na ni kazi ambayo wengine humjia kuiomba. Msichana ambaye wenzake humwita kila mara awaanzishie wimbo, kijana ambaye majirani humletea ng'ombe mgonjwa amtazame, mtoto ambaye wadogo hutulia wakiwa naye, hao wote wameonyeshwa talanta yao.

Pili, yafaa kipawa kifundishwe. Mackay alizaliwa na mapenzi ya mitambo, lakini alisoma miaka mingi. Kipawa kisichojifunza ni shoka lisilonolewa. Mwenye nalo huchoka upesi, na mti haukatiki.

Tatu, mtu asipime kipawa chake kwa cha mwenzake. Aliyeshuka kisimani na aliyezuia ng'ombe, wote hunywa maji yale yale.

Nne, mtu asikitumie kipawa ili aogopwe au aabudiwe, bali awafundishe na wengine. Siku atakapoondoka, kazi isife pamoja naye.

Tano, asikate tamaa pori likiirudia njia yake. Kuna kazi nyingi njema zisizoonekana tena, na matunda yake yako mahali pengine.

Kisima kimekabidhiwa kwa kila mtu, kikubwa au kidogo. Mwenye kukiteka na kuwanywesha wenzake, kesho yake atakuta maji.

Maswali

1. Kwa nini kazi ya kuchimba kisima cha mchangani haiwezi kufanywa na mtu mmoja?
2. Talanta moja ilikuwa sawa na mshahara wa kibarua kwa miaka mingapi? Fanya hesabu.
3. Eleza kosa la mtumwa wa tatu kwa maneno yako mwenyewe.
4. Kwa nini watu walimwita Mackay "Mzungu wa Kazi"?
5. Mackay alifanya nini watu walipomwita lubaale? Kwa nini alifanya vema?
6. Njia ya Mpwapwa ilifutika. Ni kazi gani ya Mackay ambayo haikufutika?
7. Ugonjwa wa vikope huenezwaje, na mtoto wa shule aweza kufanya nini ili kuuzuia?
8. Andika habari ya mtu mmoja wa kijiji chako atumiaye kipawa chake kwa faida ya wengine. Ni nani aliyemfundisha, naye amemfundisha nani?